Kilemba cha Msomaji wa Habari

Fungua Televisheni ya Oman wakati wa taarifa ya habari, kisha zima sauti. Hata asiyejua Kiarabu atakuwa ameshaambiwa mambo mawili matatu kabla picha ya kwanza ya mkutano haijatokea. Msomaji, akiwa mwanamume, amevaa dishdasha nyeupe na kilemba kilichokazwa vizuri, kile ambacho Muscat nzima inakiita masar. Kofia ya kudariziwa, kumma, ambayo ndiyo utakayoiona kwa dereva wa teksi na kwa mnunuzi wa samaki Mattrah, mezani pale haipo. Ukiikuta kwenye skrini, mara nyingi utakuwa umefungulia mahojiano mepesi, tamthilia au mpira.

Haya ndiyo tunayoyaita ishara na kaida katika taaluma ya habari. Ishara ni chochote kinachoonekana au kusikika kikabeba maana: vazi, rangi, mlio, mkao wa kamera, ukubwa wa herufi. Kaida ni mazoea ya kuzipanga ishara hizo, mpaka mtazamaji anazielewa bila kujua kwamba anazisoma. Kilemba chenyewe ni kitambaa tu. Kinasema "hii ni kauli rasmi" kwa sababu tangu televisheni ianze kurusha matangazo Muscat, Novemba 1974, kauli rasmi zimekuwa zikitoka kwa wenye vilemba, na macho ya watu yamesomeshwa hivyo usiku baada ya usiku.

Mwenyeji husoma hata zaidi ya hapo. Kuna kilemba chenye rangi zake ambacho ni cha ukoo wa Al Said peke yao. Kuna jambia la Saidi lenye pete saba, ambapo jambia la kawaida huwa na nne. Mgeni anaona mstari wa wazee waliovalia vizuri. Mtu wa Muscat anaona nani ni nani kabla jina halijaandikwa chini ya skrini.

Siku ambayo kaida hizi zilibeba mzigo mzito kuliko zote ni Jumamosi ya tarehe 11 Januari 2020. Sultan Qaboos alikuwa amefariki siku moja kabla, baada ya kutawala karibu miaka 50, bila mtoto na bila mrithi aliyetangazwa hadharani. Jina alilolipendekeza lilikuwa ndani ya barua iliyofungwa. Baraza la ukoo lingeweza kuchagua lenyewe, ila liliamua barua ifunguliwe, na bahasha ikafunguliwa mbele ya kamera. Jina likawa la Haitham bin Tariq, naye akaapishwa siku hiyohiyo.

Tangazo la maandishi lingetosha kuwaarifu watu nani ni Sultan. Lakini taarifa ya maandishi humwambia msomaji "tuamini", na picha ya bahasha inayofunguliwa humwambia "umeona mwenyewe". Ndiyo maana kwa tukio kama lile kamera hutulia, haichezi, na mhariri hakati picha. Kila mkato humpa mtazamaji nafasi ya kujiuliza ni kipi kilichotolewa. Utulivu ule, ambao mtazamaji wa filamu angeuona unachosha, ni ishara kamili: hakuna kilichofichwa. Kwa maoni yangu, ndiyo picha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote katika historia ya televisheni ya nchi hii.

Mtoa ujumbe, hata hivyo, hana mamlaka juu ya macho ya watu. Stuart Hall, mtaalamu aliyezaliwa Jamaika na kufundisha Birmingham, aliandika mwaka 1973 kwamba ujumbe hufungwa na mtangazaji kisha hufunguliwa na mtazamaji, na si lazima wafikie maana moja. Muscat ililiona hilo Novemba 2014, Sultan Qaboos alipolihutubia taifa kutoka Ujerumani alikokuwa akitibiwa. Ujumbe uliokusudiwa ulikuwa kwamba mtawala yuko na anawasiliana na watu wake. Wengi waliupokea hivyo kwa furaha. Wengi haohao walimtazama pia usoni, wakaona amekonda, wakakaa na wasiwasi wao. Picha ilikuwa moja na hotuba moja.

Nyumba za Waswahili wa Muscat ndizo mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, maana humo sebule moja ina masomo mawili. Baada ya 1970 wengi walirudi kutoka Unguja, Pemba na bara, na watoto wao wamekulia Seeb na Al Khuwair. Chukua kofia ileile. Kwa bibi aliyekulia Mji Mkongwe, kofia ya mkono iliyopigwa pasi ni vazi la Ijumaa, la harusini, la mtu mwenye heshima zake. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa rais wa Tanzania na kofia yake kichwani, juu ya suti, na hakuna aliyemwona kapunguza kitu. Mjukuu wa bibi huyo anajua kwamba kwenda na kumma kwenye shughuli rasmi ya serikali ni kwenda nusu umevaa. Mgeni wa kipindi akitokea na kofia, bibi anaona mtu wa adabu, kijana anaona kipindi cha kawaida. Wote wawili wamesoma sawasawa, kila mmoja kwa shule yake.

Kisha kuna kaida ambazo zimevuka bahari zikabadilisha chombo bila kubadilisha umbo. Waliokulia na redio ya Zanzibar wanayajua matangazo ya vifo: sauti ya taratibu isiyopanda, jina la marehemu, kisha msururu wa jamaa. Ni baba wa fulani, mjomba wake fulani, mkwewe fulani wa Pemba, fulani aliyeko Maskati. Mwisho msiba uko wapi, maziko saa ngapi. Leo tangazo hilo linafika kwenye kundi la WhatsApp la familia, na mwandishi wake, ambaye huenda redio ile hajaisikiliza miaka mingi, analiandika kwa mpangilio uleule. Asiyeijua kaida hudhani orodha ya jamaa ni mapambo, akairuka atafute saa ya maziko. Mjuzi anaanzia hapo. Jina la marehemu mara nyingi halimwambii kitu, kwa kuwa ni mtu wa Wete au Chake ambaye yeye hajawahi kumwona. Anashuka mstari kwa mstari mpaka akutane na jina analolijua, na kutoka hapo anapima: hii ni ya kupiga simu, hii ni ya kwenda kukaa msibani Mabela jioni hii, hii ni ya kukata tiketi. Tangazo lisilo na orodha hiyo likifika, hata kama jina na saa viko sahihi, kinachofuata ni simu za kuulizana: "Huyu wa nani?"