Sufuria ya saa ine ya usiku na kilo za vijana wetu

Mangobo ao Kabondo, makala inawaka wakati feza imepatikana. Mama anarudi soko jioni. Baba iko kwenye shimo la dhahabu upande wa Bafwasende, na feza anatuma kwa telefone inafika siku inapotaka. Njo maana fufu na sombe vinaiva saa tatu, mara nyingine saa ine ya usiku. Kijana wa miaka 15 alitoka asubui na tumbo tupu, juu masomo inaanza saa moja na nusu. Muchana alikula mikate mbili ya mafuta. Sasa anakula ya siku nzima mara moja, kisha anabaki na telefone mupaka saa sita.

Inanenepesha? Fufu haina saa ya mukono. Kilo zinaongezeka kama mutu anakula kupita ile mwili inatumia. Lakini saa nayo iko na kazi yake. Mu 2022, watafiti wa Brigham and Women's Hospital, kule Boston, walipatia watu wazima 16 wenye kilo mingi chakula kilekile, mara moja mapema, mara ingine kimechelewa saa 4. Kilipochelewa, njaa ilizidi na mwili ulichoma nguvu kidogo. Ni watu wachache, tena si vijana.

Kwa vijana kuna jambo lingine, nalo ni usingizi. Wakati wa balehe usingizi wenyewe unachelewa kuja, na kijana anahitaji kulala saa 8 mupaka 10. Anayelala saa sita na kuamshwa saa kumi na moja amepata 5 tu, na kesho yake mwili unatamani sukari. Chupa moja ya soda ya 33 cl iko na gramu karibu 35 za sukari.

Lakini tusikimbilie kumunyima mutoto chakula ya usiku. Hapa Kongo, uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha watoto 43 kwa 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mutoto mwembamba na dada yake munene, wote wanakula sufuria moja. Kinachofaa kuhamishwa ni sehemu ya chakula: lituma ao viazi vya jana vilivyofunikwa vizuri, vipashwe moto kabisa alfajiri, mutoto ale mbele ya masomo. Usiku atakula kiasi, na maji kwa pahali pa soda. Baba akiweza kutuma feza asubui kuliko jioni, ni msaada mukubwa kuliko mashauri mingi.

Jambo la mwisho ni la hatari zaidi. Kuna wasichana wanaomeza vidonge ili wanenepe haraka. Siproheptadine inaleta njaa na usingizi. Deksametasone inajaza mwili maji na inapandisha sukari ya damu. Ukiitumia muda mrefu na kuikata gafula, unaweza kuanguka. Kama binti ameanza kuvimba uso, muulizeni polepole, bila makelele, kisha mumupeleke kwa kituo cha afya na vidonge vyenyewe mkononi. Asiviache peke yake mbele ya kuona munganga.