Watoto Wetu na Kazi ya Mikono ya Mungu

Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya ibada, watoto wanne wa darasa letu la shule ya Jumapili walianza kutapika. Walikuwa wakicheza kando ya ua wa kanisa, wakaokota matunda makavu, wakayapasua na kula mbegu zake, ambazo ni tamu kama karanga. Ulikuwa mbono, ule mti ambao wengi wetu hapa Dodoma tunaupanda kuzunguka nyumba kwa sababu mbuzi hawauli. Tuliwakimbiza hospitali, na kwa neema ya Mungu siku ya pili walikuwa wazima.

Lakini sisi walimu wao hatukulala vizuri. Watoto wale waliijua habari ya bustani ya Edeni kwa moyo. Walikuwa wameuchora mti uliokatazwa kwa rangi nyekundu na kijani. Mti wa hatari uliokuwa hatua ishirini kutoka mlangoni hakuna aliyewaonyesha, ingawa baadhi yetu ni wauguzi na tunaujua vizuri. Hapo tuliamua kwamba somo la uumbaji halitaishia tena kwenye picha.

Tangu hapo tumejifunza mengi pamoja na watoto hao wa miaka minne hadi saba. Tunayaandika hapa kwa ajili ya akina mama wenzetu, maana yote haya yanaweza kufanyika hata nyumbani, bila gharama.

Kutambua mimea ya hatari

Somo la kwanza lilikuwa kuzunguka ua. Watoto waliangalia jani la mbono, tunda lake na mbegu zake nyeusi. Tukafanya vivyo hivyo kwa mbarika, ambao mbegu zake zenye madoadoa huwavutia watoto kuzichezea kama shanga. Kanuni yetu ni moja: usile kitu chochote cha porini kabla ya kumwonyesha mama. Baada ya somo kila mtoto ananawa mikono.

Mama, mwanao akila mbegu hizi usimtapishe kwa nguvu. Mpeleke hospitali upesi, na uchukue mbegu au jani ili mganga alione. Njiani, kama yuko macho na anameza vizuri, mpe maji ya ORS kidogo kidogo.

Maharage ndani ya bilauri

Tulimwuliza mtoto mmoja maharage yanatoka wapi, akajibu, "Sokoni Majengo." Hatukumcheka. Mji wetu umekua sana tangu serikali ilipohamia hapa kuanzia mwaka 2016, na watoto wengi hawajawahi kushika jembe.

Tulichukua bilauri mbili za kioo, tukaweka pamba yenye maji na maharage matatu katika kila moja, yakiwa yamebanwa kwenye kioo ili yaonekane. Moja tuliiweka dirishani, nyingine tukaifunika kwa boksi. Baada ya siku chache mzizi ulitokeza na kuelekea chini, kisha shina likaelekea juu. Yale ya gizani yalirefuka haraka, lakini yalikuwa meupe na dhaifu. Mtoto mmoja alisema, "Mwalimu, haya yanatafuta jua." Hakuhitaji maelezo zaidi.

Kwa nini udongo unaondoka

Mkoa wetu hupata mvua kidogo, kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikija, huja kwa nguvu na kuchimba makorongo.

Kata madumu mawili ya plastiki kwa urefu. Jaza udongo katika yote mawili, na kwenye moja pandikiza nyasi na mizizi yake. Yainamishe kidogo, kisha watoto wamwagie maji kwa kopo lenye matundu. Maji ya dumu lenye nyasi hutoka taratibu na yana uchafu kidogo. Ya dumu tupu hutoka kama chai ya maziwa.

Hapo tuliwasimulia habari za Kondoa, ambako ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo makubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika. Nyasi na miti vilirudi. Lakini haukuwa uamuzi mwepesi kwa wafugaji, na hilo pia tuliwaambia watoto.

Inzi na macho

Uumbaji si maua tu. Tuliwaketisha watoto nje, wakahesabu inzi waliotua usoni mwa wenzao. Uso wenye tongotongo na kamasi ulipata wengi, uso safi ulipata wachache. Inzi anayependa macho huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, na hubeba ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, ambao umepofusha wengi katika mkoa wetu. Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuwanawisha watoto uso hupunguza vikope vikali. Sasa kuna kibuyu chirizi karibu na mlango wa darasa, na watoto wenyewe hukumbushana.

Kisiki kinachoishi

Somo wanalolipenda zaidi ni la kisiki. Nyuma ya kanisa kulikuwa na kisiki cha mgunga kilichochipua matawi mengi membamba. Tulichagua machipukizi matatu yenye nguvu, mtu mzima akakata mengine, na watoto wakafunga kitambaa chekundu kuwa alama kwamba mti huu unatunzwa.

Njia hii huitwa Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation limeieneza katika vijiji vya mkoa wetu. Asili yake ni Niger, ambako katika miaka ya 1980 mmisionari kutoka Australia, Tony Rinaudo, alichoka kuona miche aliyopanda ikifa. Ndipo alipotambua kwamba vichaka vidogo vilivyotapakaa jangwani vilikuwa miti iliyokatwa, yenye mizizi hai chini.

Mama mmoja alitulalamikia: "Dada zangu, mwanangu anarudi na gauni limejaa udongo. Nilimleta ajifunze Neno." Tulimwelewa, maana sabuni ni fedha. Tukamwomba aketi nasi Jumapili moja. Alikuja, akakuta watoto wamepiga magoti kuzunguka kisugulu, wakiwatazama mchwa wakiziba tundu, huku mwalimu akisoma Mithali sura ya sita. Siku hizi humvika mtoto gauni la zamani, naye mwenyewe ndiye anayejaza kibuyu chirizi maji.

Mama mpendwa, huhitaji darasa. Unapochagua maharage, mwachie mwanao matatu ya kuotesha. Unapokwenda kuteka maji, mwulize jina la kila mti njiani, na usilolijua mkaliulize kwa bibi. Mti wetu wa kitambaa chekundu sasa umewapita watoto kimo. Wale wanne waliokula mbono ndio wanaowaonyesha wageni wadogo ua wetu, na huanza na mti ule ule.