Je, Wajua? Bakteria wa tumboni na ovari

Msichana wa Mazinde akikaa miezi bila hedhi, ndevu zikimchipua kidevuni, huambiwa: ngoja, utatulia ukiolewa. Ushauri mbovu! Huenda ana PCOS, hali ya homoni inayowapata wanawake wapatao 10 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa duniani, wengi bila kujua.

Bakteria wa utumboni nao wamo kesini. Mwaka 2019 watafiti wa China walikuta bakteria aitwaye Bacteroides vulgatus amejaa zaidi kwa wanawake wenye PCOS. Panya walipopandikizwa kinyesi cha wanawake hao (ndiyo, kinyesi), ovari zao zikavurugika na miili ikaacha kuitikia insulini vizuri.

Chakula nacho hugusa bakteria hao. Kwetu Tanzania, utafiti wa 2014 kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi uliwakuta na bakteria wa utumboni wa aina nyingi kuliko Waitaliano wa mjini. Wahadzabe hula mizizi yenye nyuzinyuzi, chakula cha bakteria hao. Maharage yanayolimwa Lushoto yanazo nyuzinyuzi tele, ila si dawa ya PCOS. Vipimo na matibabu ni vya hospitali.