Kizazi Hakina Uchafu

"Daktari, nitumie dawa gani ya kusafisha kizazi?" Muulizaji ana miaka 46. Hedhi ilimpotea miezi miwili, ikarudi kwa siku 10 na mabonge. Shoga yake kamwambia hiyo ni damu chafu ya miaka yote inajitoa, asiizuie. Keshakunywa chupa ya mizizi na kutumbukiza ukeni vile vifuko vya mitishamba vinavyouzwa mitandaoni.

Swali hili nimelichoka. Utando wa ndani wa kizazi hujengeka na kubomoka wenyewe; hakuna damu inayojificha humo miaka 30 ikingoja mizizi. Miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi, ovari huruka miezi bila kuachia yai. Yai lisipotoka, projesteroni haipatikani ya kutosha. Estrojeni inabaki peke yake ikiunenepesha utando, mpaka unaporomoka kwa fujo. Mabonge yanatoka hapo. Vile vifuko wala havifiki kwenye kizazi. Vinachubua uke, na yale makamasi anayokuonyesha muuzaji kuwa ndiyo uchafu ni ute na ngozi laini ya uke wako mwenyewe. Umelipia kidonda, ukapewa na ushahidi!

Kibaya zaidi ni kule kungoja "iishe yenyewe". Damu hiyohiyo yaweza kuwa ya faibroidi, au ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Wapo wanaofika viganja vimepauka, wanahema kwa ngazi tatu tu, na bado wanaitetea chupa.

Haya, ya kufanya. Pedi inalowa kwa saa moja, hedhi inapita siku 7, damu inatoka baada ya tendo la ndoa au inarudi baada ya mwaka mzima wa kukatika: nenda hospitali. Upimwe wingi wa damu, ultrasaundi, mlango wa kizazi, na mimba, maana bado unashika. Kipimo cha homoni ukishapita miaka 45 mara nyingi ni hela ya bure. Majibu hubadilika wiki hadi wiki. Vipo vidonge vya kupunguza damu, vya madini ya chuma, na kitanzi chenye homoni kinachopunguza damu na kuzuia mimba. Joto la ghafla na jasho la usiku vina tiba ya homoni, ila mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti hutafutiwa dawa nyingine. Uke mkavu una krimu yake. Na ile chupa usiifiche, njoo nayo. Nataka kujua umekunywa nini kabla sijaandika dawa.