Joto la vifaranga lisiishie kwenye bati

MFUGAJI wa kata ya Ruanda, wilayani Mbozi, anayepokea vifaranga wa siku moja mwezi Juni au Julai, ana adui anayewahi kufika kabla ya mdondo. Ni baridi. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi, kisha joto hupunguzwa kwa takriban nyuzi tatu kila wiki. Usiku wa kipupwe katika nyanda za juu za Songwe uko mbali sana na hapo.

Wengi huweka jiko la mkaa katikati ya banda. Jiko hupasha hewa, nayo hewa ya moto hukimbilia darini, wakati kifaranga anaishi sentimita chache kutoka sakafuni. Sakafu ikiwa baridi, vifaranga hurundikana, wa chini hukosa pumzi na asubuhi mfugaji huokota mizoga. Isitoshe, mkaa katika banda lililofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumuua hata mlinzi anayelala humo.

Njia nyingine ni kupasha sakafu yenyewe. Wakorea wamefanya hivyo kwa karne nyingi, wakipitisha moshi wa jiko chini ya sakafu ya mawe, mtindo waitwao ondol. Siku hizi hutandazwa mabomba ya maji ya moto, na maji hayahitaji kuchemka. Nyuzi 40 hadi 50 zinatosha.

Banda lililoinuliwa juu ya nguzo lina faida hapa. Jiko na tangi vikikaa chini, nje ya banda, maji ya moto hupanda yenyewe bila pampu, ilimradi mabomba ni mapana na yana mteremko. Tangi lisizibwe kabisa, maana mvuke ukikosa njia hulipasua.

Lakini kama sakafu hiyo ni ya bati, kazi ina mtego. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko povu gumu, yale mabamba meupe mepesi. Bomba likilazwa juu ya bati tupu, mfugaji anapasha upepo unaopita chini. Kwa hiyo juu ya bati hutangulia povu la sentimita 5 au zaidi, maungio yake yakizibwa kwa gundi ya utepe. Litafutwe povu la ujenzi. Lile linalofungiwa televisheni hubonyea.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kufunga. Fundi aliyezoea paa hushika skrubu ndefu na kutoboa kila kitu mpaka kwenye bati. Kila skrubu ya namna hiyo ni daraja la kupitishia joto, na moja ikigusa bomba, sakafu nzima itafumuliwa. Ni bora kutandaza plaiwudi tabaka mbili juu ya povu, maungio yakipishana, kisha la juu lifungwe kwenye la chini kwa skrubu fupi zisizofika kwenye povu. Bomba hubanwa kwa vibanio kwenye plaiwudi hiyo. Uzito na fremu ya pembeni vitaizuia sakafu isihame.

Anayetaka zege hutandaza wavu wa nyaya juu ya povu na kufungia bomba humo. Ajue tu kwamba zege la sentimita 5 lina uzito wa kilo 120 hivi kwa kila mita ya mraba. Nguzo zikaguliwe kwanza. Kabla ya kufunika, bomba lijazwe maji kwa shinikizo na kuachwa usiku kucha.

Kingo za povu zifunikwe, kwani kuku hulidonoa na panya hulitoboa. Asiye na fedha za mabomba aweke povu na plaiwudi pekee, kisha maranda ya kutosha juu yake. Hata hivyo atapunguza mkaa.

Kipimajoto kining'inizwe usawa wa mgongo wa kifaranga, si usawa wa macho ya mfugaji. Vifaranga wakitawanyika na kula, joto linatosha. Wakikimbilia kingo huku wakihema, moto upunguzwe.