Msindikizaji wa Mgonjwa Asiishie Kwenye Benchi

Mgonjwa wa Maneromango, wilayani Kisarawe, hafiki kituo cha afya peke yake. Nyuma yake kwenye bodaboda yupo dada, mjomba au bibi, ameshika mkoba wenye khanga, chupa ya chai na lile daftari la matibabu lililojikunja kona. Wakifika, msindikizaji huyo hubaki kwenye benchi la nje. Ataitwa pale tu inapohitajika hela, damu ya kuchangia au mtu wa kumbeba mgonjwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapoipoteza kinga nyepesi kuliko zote dhidi ya ugonjwa kutambuliwa vibaya.

Marekani kazi ya kumtetea mgonjwa ni taaluma. Chuo cha Sarah Lawrence, karibu na New York, kilianzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo mwaka 1980, na wapo watu wanaolipwa kusoma majalada ya wagonjwa, kuuliza maswali juu ya majibu ya vipimo na kukagua bili za hospitali mstari kwa mstari. Sisi tuna ndugu, nao si wageni wa kazi hiyo. Mwanaanthropolojia John Janzen, katika kitabu alichotoa mwaka 1978 juu ya tiba katika Kongo ya Chini, alieleza jinsi ndugu wanavyokaa pamoja, wakachagua mganga, wakapima maneno yake, na wakiona hali haibadiliki wakamhamisha mgonjwa wao. Mzaramo hahitaji kukisoma kitabu hicho ili aamini. Cha kushangaza ni kwamba ndugu haohao wanaombana mganga kwa maswali, wakiingia chumba cha daktari hujibu “ndiyo” na kuondoka.

Tuchukue homa, kwa sababu ndiyo inayowapeleka wengi kituoni. Ukanda wa Pwani, mtoto akichemka, neno la kwanza ni malaria, na malaria ipo kweli. Kisarawe si Makete kwenye baridi na malaria haba. Lakini si kila homa. Hugh Reyburn na wenzake walifuatilia hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania na kutoa matokeo mwaka 2004. Kati ya watu 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa 2,062 tu. Linalotisha zaidi ni vifo: wenye vimelea walikufa karibu 7 katika kila 100, wasio na vimelea walikufa 12. Hao wa pili walikuwa na ugonjwa mwingine, nao walikuwa wakipewa dawa ya malaria huku ugonjwa huo ukiendelea.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa takriban 1 katika kila 10. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi, ambayo hayaponi kwa dawa ya malaria wala kwa antibayotiki.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kidoleni, kimepunguza makosa haya sana. Hata hivyo kina tabia ambayo msindikizaji anapaswa kuijua. Kinanasa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyemaliza dawa ya mseto wiki mbili zilizopita anaweza kupimwa leo akaonekana ana malaria, kumbe homa ya leo inatoka kifuani. Nani atamwambia tabibu habari ya dawa ile? Ilinunuliwa duka la dawa, haikuandikwa popote, na mtoto hawezi kueleza. Bibi anajua. Lakini bibi yuko kwenye benchi.

Kuna pia upande wa pili. Malaria isipoonekana, mara nyingi jibu linalofuata ni taifodi au UTI. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kwa taifodi, kina udhaifu mkubwa: utafiti wa hospitali ya Muheza uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya watoto waliopata majibu chanya, takriban robo tu ndio waliothibitika kwa kuotesha damu. Mzazi akiambiwa mwanawe ana taifodi kwa mara ya tatu mwaka huu, ana haki ya kuuliza kwa adabu: “Daktari, samahani, kipimo hiki kina uhakika kiasi gani? Kuna kingine kinachoweza kuleta homa hii?” Hilo si tusi. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni husaidika na swali kama hilo, maana linamrudisha nyuma hatua moja kabla kalamu haijaandika.

Makosa mengine hayahitaji elimu yoyote kuyazuia. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishiwa upasuaji: aliyekwenda kwa ajili ya goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Huyo wa kichwa alifariki baadaye. Tangu hapo, mtu anayerudia jina kamili la mgonjwa wake na kiungo kinachouma, kwa kila muuguzi anayepokea zamu, simwoni kuwa msumbufu.

Na gharama? Ugonjwa ukikosewa Maneromango, bili inakua barabarani. Ni nauli ya kwenda hospitali ya wilaya Kisarawe, kisha pengine Tumbi kule Kibaha, kisha Mloganzila au Muhimbili, na kila ngazi wanapima upya kwa sababu majibu ya mwanzo yameachwa nyumbani. Daftari lililobebwa na majibu yaliyotunzwa huokoa hela kabla ya bima yoyote. Barua ya rufaa nayo ni fedha: bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa, iliyoanza kuenea mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, iliwekwa ilipie hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa sharti la kufuata ngazi. Anayeruka ngazi hulipa mfukoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mpangilio, kwa hiyo swali la kwanza dirishani liwe kadi hii inalipia nini hapa. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana msamaha katika vituo vya serikali, ila msamaha haujileti. Anayeufuatilia kwa afisa ustawi wa jamii ni huyohuyo msindikizaji.

Nisieleweke vibaya. Ndugu anayeng'ang'ania mgonjwa “atundikiwe dripu” ili aonekane ametibiwa si mtetezi. Anaongeza gharama na hatari. Kadhalika anayemtoa mgonjwa wodini kabla ya majibu. Kazi ya mtetezi ni kuleta habari na kuuliza. Kuamua tiba ni kwa mtaalamu, na mtaalamu akienda kombo, Baraza la Madaktari Tanganyika hupokea malalamiko.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Hawa wanaijua kaya na wanakijua kituo. Halmashauri ya Kisarawe ingewafundisha kumwandaa msindikizaji kabla hajapanda bodaboda, na kuwaagiza matabibu wamwite ndani kila mgonjwa anaporidhia, ingefanya jambo kubwa bila kununua mashine hata moja.

Wewe unayempeleka mtu kituoni kesho: beba daftari lake la zamani na maganda ya dawa alizokunywa mwezi huu. Omba kuingia naye. Usitoke kabla hujajua ugonjwa unaitwaje, kipimo gani kimeuonyesha, na arudi lini asipopata nafuu.