Programu za Kufundishia Themodinamiki: Ipi Inastahili Fedha Yako?

Mwanafunzi wa uhandisi kemikali anaburuta mchoro wa mnara wa kukeneka hadi katikati ya skrini, anaunganisha mabomba, anabonyeza kitufe. Sekunde chache tu, majibu yametoka hadi desimali nne. Yanapendeza macho, lakini huenda yote ni makosa. Kompyuta imepiga hesabu iliyoagizwa, na aliyeagiza hakujua alichoagiza.

Ndiyo maana idara inayotafuta programu ya kuigiza mitambo isianze na swali la bei. Ianze na jingine: programu hii itamfanya mwanafunzi aelewe, au itamfanyia kazi huku yeye akitazama?

Jaribio la kupima programu yoyote

Chukua moli 10 za ethanoli na moli 90 za maji, uchemshe kwenye kanieneo ya kawaida ya anga. Kwanza iambie programu itumie kanuni ya Raoult, inayochukulia kwamba molekuli za pombe na za maji zinavumiliana bila ubaguzi. Itakujibu kwamba mchanganyiko unachemka karibu na nyuzi 97 za Selsiasi, na mvuke wake una ethanoli asilimia 20 hivi kwa moli. Ukipima maabara, utaona unachemka kwenye nyuzi 86 au 87, na ethanoli katika mvuke inakaribia asilimia 44. Kwa ethanoli ya mvuke, jibu la kwanza halijafika hata nusu ya ukweli.

Sasa badilisha kanuni, utumie NRTL, iliyotolewa na Renon na Prausnitz mwaka 1968. Majibu yatakaa karibu na vipimo vya maabara. Tena utaiona azeotropu: ethanoli ikifika takriban asilimia 95.6 kwa uzito, kwenye nyuzi 78.2, mvuke na kimiminika huwa na mchanganyiko uleule, na kukeneka hakusaidii tena. Kiwanda cha Muhoroni nchini Kenya, kinachotengeneza ethanoli kwa molasi, kiko chini ya sheria hiyo sawa na mpika gongo na pipa lake. Urefushe mnara utakavyo, ukuta huo hauvukiki kwa kukeneka peke yake kwenye kanieneo ya kawaida ya anga. Kanuni ya Raoult haiuoni kabisa.

Programu nzuri ya kufundishia ni ile inayomruhusu mwanafunzi kukosea hivyo, kisha kuona alipokosea.

Aspen Plus na HYSYS

Hizi ndizo zinazotajwa sana viwandani. Aspen ilianza kama mradi wa chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1970. Kampuni ya AspenTech ikaundwa mwaka 1981. HYSYS ilitoka Kanada na kununuliwa na AspenTech mwaka 2002. Nguvu yao ni hazina kubwa ya takwimu za kemikali na zana zilizokomaa. Mhitimu anayelenga kazi ya gesi au mafuta atafaidika kuzifahamu.

Udhaifu wao kwa chuo ni leseni. Bei haibandikwi dukani. Idara inaomba makadirio, inalipia kwa muda maalumu, na muda ukiisha inalipia tena. Leseni ya kufundishia haikupi ruhusa ya kufanya kazi za ushauri za kulipwa. Mara nyingi leseni hiyo hukaa kwenye seva ya chuo, kwa hiyo mwanafunzi akirudi hosteli usiku, zoezi linalala. Zote mbili zinataka Windows.

DWSIM

Hii ni programu huria iliyoandikwa na Mbrazili Daniel Medeiros. Hailipiwi, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Ndani yake kuna kanuni za Raoult, NRTL, UNIQUAC, UNIFAC na Peng-Robinson, kwa hiyo jaribio letu la pombe linafanyika lote bila kutoa senti. Nchini India, mradi wa FOSSEE wa IIT Bombay umeitumia kwa wanafunzi wanaojenga upya michoro ya mitambo iliyokwisha kuchapishwa.

Gharama yake ni muda. Hakuna wakala wa kumpigia simu mahesabu yakigoma. Mwalimu lazima aizoee kabla ya darasa.

COCO na ChemSep

COCO nayo haina malipo, ila inatumika kwenye Windows tu. Huja na toleo dogo la ChemSep, lenye uwezo mzuri sana katika minara ya kukeneka. Kwa somo la utenganishaji, linatosha. Kwa mtambo mzima wenye vifaa vya kila aina, DWSIM inakupa nafasi zaidi.

Jedwali la Excel au Python

Usilidharau. Mlinganyo wa Antoine, unaotoa kanieneo ya mvuke kwa kila jotoridi, unaandikika kwenye seli moja, na hesabu yote ya Raoult inaingia katika ukurasa mmoja. Anayejua Python anaweza kuongeza CoolProp, maktaba huria yenye sifa za vimiminika na gesi zaidi ya 100. Hapa hakuna mchoro wa kuvutia, lakini hakuna pa kujificha pia: kila namba mwanafunzi ameiweka mwenyewe.

Gharama zisizo kwenye ankara

Hata programu ya bure inahitaji bando la kuipakua, kwa hiyo pakua mara moja uigawe kwa flashi. Inahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha. Umeme ukikatika, darasa la maabara moja linasimama lote. Mwenye programu kwenye kompyuta mpakato yake anaendelea. Na gharama kubwa kuliko zote ni saa za mwalimu kuandaa mazoezi. Hizo hutaziepuka, uwe umenunua au umepewa.

Uamuzi wetu

Mwaka wa pili, anza na jedwali. Mwanafunzi akiisha kuhesabu mchemko wa pombe na maji kwa mkono wake, mpe DWSIM aifungue hata chumbani kwake. Mwaka wa mwisho, idara ikiwa na fedha, ilipie viti vichache vya Aspen au HYSYS kwa ajili ya mradi wa usanifu. Gesi ya Songo Songo nchini Tanzania, ambayo karibu yote ni methani, ni mfano mzuri hapo, na Peng-Robinson ya mwaka 1976 inaifaa.

Fedha ikitosha kitu kimoja tu, usinunue leseni. Mlipie mwalimu wiki mbili za kuandaa mazoezi ya DWSIM. Na programu yoyote utakayochagua, zoezi la kwanza liwe na swali hili: umechagua kanuni gani, na kwa nini?